UZI: +6 ni sare, +1 ni ushindi. Injini za sataranji zinapimaje kete zisizolingana kwenye endigemu?

AskariWaMwisho | #1

Wadau wa sataranji, salamu kwenu. Kuna ubishi hauishi kati ya wachezaji. Mtu anaangalia endigemu, yaani mwisho wa gemu kete zikiwa chache, anajumlisha pointi, malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1, anapata jibu anasema huyu yuko mbele kashinda, halafu akiwasha injini, ile programu ya kompyuta ya kuchambua, anakuta 0.00 yaani hakuna aliye mbele, basi anasema injini imekosea. Naomba tulichambue hili kwa kirefu maana mimi naona hapa ndo injini zina mengi ya kutufundisha kuliko hata kwenye ufunguzi.

Angalieni hizi kwanza. Farasi wawili na mfalme dhidi ya mfalme mtupu, uko mbele pointi 6 na ni sare, mati ipo lakini huwezi kumlazimisha mpinzani aingie. Askofu pamoja na askari wa pembeni, yaani safu ya a au h, dhidi ya mfalme mtupu, uko mbele 4, lakini kama askofu wako hatembei rangi ya ule mraba wa kugeukia malkia na mfalme wa mpinzani kawahi kona, ni sare, hata ukae hapo mpaka kesho. Ngome dhidi ya askofu bila askari yeyote, mbele 2, kwa kawaida sare. Sasa chukua mfalme na askari mmoja tu dhidi ya mfalme, mbele 1, na mara nyingi ni ushindi.

Na kuna jingine linanishangaza mpaka leo. Ile ya farasi wawili, muongezee yule dhaifu askari mmoja, yaani mpe nguvu zaidi, hapo ndo anaweza kufungwa! Troitsky, mtunzi wa mafumbo ya endigemu, aliichambua mapema karne ya 20 akaonyesha kwamba farasi mmoja akimziba yule askari kabla hajasogea mbali sana, farasi wa pili na mfalme wanambana mfalme kona, na kwa kuwa sasa ana askari wa kusogeza basi ile sare ya kukosa muvu inayeyuka, na mati inapatikana. Pointi zinasema umeimarika, ubao unasema umekwisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pointi zinajibu swali la nani ana jeshi kubwa, endigemu inauliza nani ana cha kushindia. Injini nzuri ni ile inayotenganisha maswali haya mawili. Tuendelee.

FarasiPembeni | #2

Mkuu nimesoma mara mbili, asante sana. Swali langu, hizi sheria kama za askofu na askari wa pembeni kuna mtu anaziandika moja moja ndani ya programu au injini inazigundua yenyewe ikipiga mahesabu? Na zile 1-3-3-5-9 bado zimo ndani?

AskariWaMwisho | #3

Swali zuri ndugu yangu, na jibu linategemea injini ya mwaka gani, ngoja nianzie nyuma kidogo.

Mwaka 1999 mtaalamu wa sataranji Larry Kaufman alitoa makala kuhusu kete zisizolingana. Hakukaa kufikiria tu, alichukua gemu takriban 300,000 za wachezaji wenye kiwango cha zaidi ya 2300, akatafuta zile ambazo kete zilikaa bila kulingana kwa muvu kadhaa, akaangalia matokeo. Akapata farasi 3.25, askofu 3.25, ngome 5, malkia 9.75, na ukiwa na maaskofu wawili unaongezewa nusu askari. Ila lililo tamu zaidi ni kwamba alionyesha thamani haijakaa sehemu moja: farasi anapanda kidogo askari wakiwa wengi ubaoni, ngome inashuka, na wakipungua inakuwa kinyume. Ndo maana ngome iliyolala kona muvu 20 za kwanza inakuja kuwa bosi endigemu, safu zimefunguka na farasi hana tena pa kujishikiza. Kaufman huyo huyo baadaye alishiriki kutengeneza injini za Rybka na Komodo, na mawazo yake yakaingia huko.

Injini ya Stockfish, kwenye ile tathmini ya zamani iliyoandikwa kwa mkono kabla ya mtandao wa neva (programu inayojifunza yenyewe kwa mifano) kuchukua nafasi, ilikuwa inampa kila kete bei mbili, ya katikati ya gemu na ya endigemu, halafu inachanganya kulingana na kete zilizobaki. Mfano Stockfish 14, ambayo bado ilikuwa na tathmini hiyo ndani, askari alikuwa 126 katikati na 208 endigemu. Farasi 781 na 854. Ngome 1276 na 1380. Sasa gawanya mwenyewe: katikati farasi ni kama askari sita na ushee, endigemu ni kama wanne tu. Ngome inatoka askari kumi mpaka sita na nusu hivi. Hakuna kete iliyoshuka, ila askari kapanda kuliko wote, kwa sababu kila mmoja aliyebaki anaweza kuwa malkia na waliobaki kumzuia ni wachache.

Juu ya hizo bei kulikuwa na hesabu nyingine ya jozi, kete gani inakaa vizuri na ipi. Maaskofu wawili wanaongezewa. Ngome ya pili inapunguzwa, kwa sababu ngome mbili zinafanya kazi ileile na safu zenyewe ni chache. Hapo unapata somo moja kubwa, ukiwa mbele kwa ngome dhidi ya farasi au askofu na nyote mna ngome nyingine, badilisha hizo ngome. Wewe unapoteza kete yenye mwenzake, yeye anapoteza ngome pekee aliyonayo.

Halafu ndo kinakuja kile unachouliza. Ndiyo, vilikuwepo vipengele vimeandikwa kwa mkono kwa ajili ya endigemu maalum: askofu na farasi dhidi ya mfalme mtupu (injini inapewa zawadi ikimsukuma mfalme kwenye kona ya rangi ya askofu), ngome dhidi ya askari, malkia dhidi ya ngome, na huyo askofu wa kona mbaya. Kwa mfalme na askari dhidi ya mfalme kulikuwa na jedwali kamili ndani ya injini, position zote, na lilikuwa linaingia kwenye kilobaiti 24 tu.

Ila mimi kipengele ninachokipenda ni kile cha kuzidisha. Injini ikishapata jumla yake inaizidisha kwa sehemu fulani ya 64. Hali ya kawaida ni 64 kwa 64, yaani inabaki kama ilivyo. Lakini kama upande wenye nguvu hauna askari hata mmoja na tofauti ya kete haizidi askofu mmoja, basi jumla inakatwa vibaya: ngome dhidi ya askofu inapewa 4 kwa 64. Ule uongozi wa ngome unabaki kama harufu tu. Yaani hawakusema askofu kapanda bei, walisema mwenye ngome hana cha kushindia.

Boma_Gumu | #4

Mzee maelezo yako ni mazuri lakini unaongelea historia. Hayo yote yameshafutwa. Siku hizi ni mtandao wa neva, hamna tena bei ya farasi wala kuzidisha kwa 64. Tunawafundisha vijana vitu ambavyo injini zenyewe zimeshavitupa, mi naona tuwaambie tu waamini namba ya injini ya sasa, basi.

AskariWaMwisho | #5

Boma kaka nakubali nusu. Ni kweli NNUE, huo mtandao wa neva uliobuniwa na Yu Nasu 2018 kwa ajili ya shogi (sataranji ya Kijapani), iliingia Stockfish 12 mwezi wa 9 mwaka 2020, na ile tathmini ya kuandikwa kwa mkono ikaondolewa kabisa toleo la 16.1 la 2024. Lakini kilichofutwa ni njia ya kuandika, ukweli wenyewe wa ubao haujafutwa. Mtandao umelazimika kujifunza yaleyale kutoka kwenye mamilioni ya position. Tena ukiangalia muundo wake, sehemu ya mwisho ya mtandao ina matawi 8, na tawi linachaguliwa kwa idadi ya kete zilizobaki ubaoni. Hilo ni wazo lilelile la bei mbili za katikati na endigemu, ila sasa ni nane na hakuna aliyekaa kuziandika. Na 16.1 ikaleta mtandao wa pili mdogo wa kupima haraka position ambazo tofauti ya kete ni kubwa na mshindi anajulikana, ili muda utumike kwenye zile ngumu.

Jingine, hata maana ya namba imebadilika. Zamani +1.00 ilikuwa askari mmoja. Tangu Stockfish 15.1 mwaka 2022, +1.00 maana yake ni nafasi ya kushinda asilimia 50, injini ikicheza na injini mwenzake. Kwa hiyo ukisema "niko mbele askari moja na nusu" kwa sababu injini imeandika +1.5, unasoma kipimo kingine kabisa. Ile ni lugha ya uwezekano wa kushinda, ndo maana nasema swali la cha kushindia limeingia mpaka kwenye namba yenyewe.

Na waliojaribu kuutoa uzito wa kete kutoka kwenye mtandao walipata kitu cha kufanana na cha wazee. Ile kazi ya mwaka 2020 ya AlphaZero, programu ya DeepMind, ambayo bingwa wa zamani wa dunia Kramnik alishiriki ilitoa farasi 3.05, askofu 3.33, ngome 5.63, malkia 9.5. Angalia ngome ilivyopanda.

Mfalme_Kati | #6

Niongezee hapo kwa Boma, kuamini namba tu ni hatari, na jina lako lenyewe ni ushahidi, maboma, yaani ngao ya kete chache ambayo mwenye nguvu hawezi kuivunja! Kuna endigemu injini inaona upande mmoja una kete nyingi, inaonyesha +3 au +4, kisha inazungukazunguka muvu 40 na namba haisogei. Mfano wa vitabuni: mweusi ana mfalme b8, askari b7, ngome inacheza c6 na a6 ikilindwa na askari. Mweupe ana malkia na mfalme. Malkia 9 dhidi ya 6. Hakuna pa kuingilia, mfalme mweupe hawezi kuvuka safu ya ngome, malkia peke yake hatoshi, ni sare. Binadamu akielezwa anaelewa dakika moja. Injini isiyo na maelezo hayo inatafuta na kutafuta, na kwa kuwa kila muvu yake inaiacha na kete zilezile, haioni sababu ya kushusha namba.

Hiyo position nakumbuka kwenye zile Stockfish za zamani iliandikiwa kipengele chake, mfalme kwenye safu mbili za nyuma, ngome safu ya tatu kutoka upande wake, askari kailinda na mfalme kamlinda askari, jumla inazidishwa kwa sifuri. Lakini hilo ni boma moja, na maboma yako mengi kuliko waandishi wa programu.

AskariWaMwisho | #7

Mfalme_Kati umenigusa. Na ndo ushauri ninaowapa watu wote: msisome namba moja, someni mwendo wa namba. Kaa na injini, cheza mstari wake muvu 10, 15. Kama uongozi ni wa kweli namba inapanda kadri mnavyosogea, +1.8, +2.4, +3.5, askari anasogea. Kama ni boma namba inasimama palepale huku kete zinarudi zilikotoka. Injini nyingi pia zinaipunguza namba polepole kadri hesabu ya muvu 50 bila kugusa askari wala kula kete inavyopanda, kwa hiyo ukiona +3 inateremka taratibu bila mtu kufanya kosa, jua hakuna kinachoendelea.

Na washa ile sehemu ya uwezekano, ushindi, sare, kushindwa. Injini ya Leela inatoa hizo tatu tangu ndani ya mtandao wake. Position mbili zote zinaweza kuwa karibu na sifuri, moja sare asilimia 98, nyingine imejaa ushindi pande zote mbili. Kwa kete zisizolingana hii tofauti ni kila kitu.

KeteSaba | #8

Mbona hamjataja tebulibesi, yale majedwali yenye jibu kamili la kila position ya kete chache? Endigemu ya kete 7 kushuka chini ubishi ulishaisha, wafalme wakiwemo. Syzygy za Ronald de Man zilitoka 2013, za kete 5 ni kama gigabaiti 1, unaweka hata kwenye simu, za kete 6 ni kama gigabaiti 150, za kete 7 zilikamilika 2018 na ni kama terabaiti 17. Huko hakuna kukadiria, ni ushindi au sare au kushindwa. Kabla yake Lomonosov pale chuo kikuu cha Moscow walimaliza za kete 7 mwaka 2012 na ndo ikapatikana ile mati ya muvu 549, malkia na askari dhidi ya ngome, askofu na farasi.

Na tebulibesi ndo zilizosahihisha vitabu. Maaskofu wawili dhidi ya farasi, tangu 1851 watu waliamini kuna boma la Kling na Horwitz na ni sare. Mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson akakokotoa mwaka 1983, kumbe kwa ujumla ni ushindi, mpaka muvu 66. Zaidi ya miaka 130 ya imani ikaisha kwa kompyuta kumaliza hesabu.

FarasiPembeni | #9

Duh muvu 66, na sheria ya muvu 50 je? Na binadamu wa kawaida atazikumbukaje hizo?

KeteSaba | #10

Syzygy zinaizingatia sheria ya muvu 50, zinatenganisha ushindi wa kweli na ule ambao sheria inaugeuza sare. Kuhusu binadamu nikupe kisa cha kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ken Thompson aliipa programu yake Belle jedwali la malkia dhidi ya ngome, akamkaribisha grandmasta Walter Browne ashinde akiwa na malkia. Kila kitabu kinasema ni ushindi, tena kuila ngome au kupiga mati haizidi muvu 31. Browne hakuweza ndani ya muvu 50, kwa sababu mashine ilikuwa inajilinda kwa muvu ambazo vitabu havikuziandika, inaipeleka ngome mbali na mfalme wake pale ambapo sisi sote tungeing'ang'aniza karibu. Akaenda kusoma, akarudi, akashinda kwenye muvu ya 50 kabisa. Kwa hiyo ushindi wa kwenye jedwali na ushindi wa mkononi ni mambo mawili.

Boma_Gumu | #11

Sawa hapo nimewaelewa, narudisha kauli ya kuamini namba tu. Nina position ya kwangu naomba msaada. Mimi nina ngome na askari watatu f, g, h. Mpinzani ana askofu na askari wanne, f, g, h na mmoja wa a aliyepita, yaani hana askari wangu wa kumzuia, lakini bado yuko nyuma. Injini inanipa kama +1 hivi, ikifika depthi kubwa, yaani ikitazama muvu nyingi mbele, inashuka. Nashinda au sishindi?

AskariWaMwisho | #12

Bila mchoro siwezi kukupa hukumu kaka, ila naweza kukuambia uangalie nini. Kwanza huyo askari wa a. Ngome ikae nyuma yake au imzuie mapema, maana akifika mbali askofu anamlinda na ngome yako inageuka mlinzi. Ukimla bila kupoteza kitu inabaki ngome na watatu dhidi ya askofu na watatu upande mmoja, na hapo una nafasi nzuri ya kushinda, mfalme wako anaingia kwenye miraba ambayo askofu haigusi.

Pili, na hili ndo kubwa, usikubali askari waishe. Mpinzani wako anajua kwamba ngome dhidi ya askofu mtupu ni sare, kwa hiyo kila akipata nafasi ya kubadilisha askari kwa askari atabadilisha, na mwisho atautoa askofu kwa askari wako wa mwisho kama itabidi... hapana, subiri, akiutoa askofu unabaki na ngome na hiyo ni mati, kwa hiyo yeye anataka askari wako wote waondoke askofu abaki. Kila jozi ya askari ikiondoka angalia namba ya injini, utaona inashuka hata kama tofauti ya pointi ni ileile. Aliye mbele abadilishe kete kubwa abakize askari, aliye nyuma abadilishe askari.

Tatu, kama itaishia bila askari na wewe ndo unajilinda siku nyingine, mfalme akimbilie kona ambayo si ya rangi ya askofu wako. Kona ya rangi yake ndo ya kufia.

Mfalme_Kati | #13

Na hiyo ya namba kushuka injini ikifika depthi kubwa isimshangaze Boma. Endigemu zina hali ya kulazimika kucheza wakati kila muvu inakuharibia. Injini hupunguza kazi kwa kujifanya imeruka zamu, kama hata kwa kuruka zamu bado iko juu basi inakata tawi hilo, lakini kwenye endigemu ya askari watupu hiyo mbinu inadanganya, ndo maana injini huizima pale upande wenye zamu umebaki na askari na mfalme tu. Ukiwa na askofu na ngome haijazimwa, kwa hiyo baadhi ya ukweli unaonekana kwa kuchelewa.

FarasiPembeni | #14

La mwisho kwangu wakuu. Maaskofu wa rangi tofauti, mmoja anatembea miraba myeupe na wa mpinzani myeusi, kila mtu anasema ni sare, mbona nimeona injini inatoa +2 na kweli inashinda?

AskariWaMwisho | #15

Kwa sababu "sare" hapo ni tabia na si sheria. Stockfish za zamani zilikuwa zikiona wamebaki maaskofu wa rangi tofauti tu zinakata jumla mpaka karibu theluthi, kisha zinarudisha kidogo kwa kila askari aliyepita. Huo ndo ufunguo, askari waliopita na umbali kati yao. Askofu mmoja anaweza kuzuia askari wawili wakiwa kwenye mstari wake mmoja. Wakiwa mbali mbali, na mfalme wako akiwahi kwenda kumsaidia mmoja, analemewa.

Itafute gemu ya magrandmasta Topalov na Shirov, mashindano ya Linares 1998. Shirov alikuwa mweusi, maaskofu wa rangi tofauti, yuko mbele kwa askari, na kila njia ya kawaida ilikuwa inaelekea sare kwa sababu mfalme wa mweupe angewahi katikati. Muvu ya 47 akamweka askofu wake h3, aliwe bure na askari wa g. Injini za enzi hizo zilikuwa hazimfikirii kabisa askofu huyo, kwa hesabu ya kete ni kujiua. Lakini mfalme mweusi akapata muvu moja, akapita f5 mpaka e4 kabla ya mfalme mweupe, na wale askari wawili wa a na d wakawa wamemshinda askofu wa mweupe peke yake. Shirov akabaki hana kete yoyote zaidi ya askari, mwenzake ana askofu mzima, na Topalov akajiuzulu muvu ya 53.

Iweke kwenye injini yako usiku huu, anza muvu ya 47 zamu ikiwa ya mweusi, acha ifikiri, uangalie inachukua muda gani mpaka h3 ipande juu ya orodha.